Mheshimiwa wa Kiogora

Kiogora, muuza miraa wa hapa Maua ambaye hata kamati ya maji ilimkataa, alibandika karatasi nyeusi ya tinti kwenye vioo vya gari lake, Probox, halafu akaacha kutusalimia. Ulipomuuliza kulikoni, alishusha kioo kidogo, kiasi cha kutoa pua, akanong'ona, "Nimebeba mheshimiwa. Amelala huko nyuma." Na sisi wajinga tulimpisha.

Polisi aliyemsimamisha karibu na soko hakumpisha. Alimwambia sheria ni rahisi: aliye nje lazima amwone aliye ndani.

"Afande, utamwamsha mheshimiwa."

"Mwamshe wewe. Na hiyo karatasi uitoe hapa hapa."

Basi Kiogora akaikwangua mbele ya soko zima, kwa ule ukucha mrefu wa kidole gumba anaomenyea miraa. Karatasi ilipobanduka, tulichungulia. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na vitita vya miraa, vimefungwa kwa majani ya mgomba, na kweli vimelala.

Siku hizi Kiogora akipita sokoni na kitita begani, wanaume huvua kofia. Si yeye wanayemsalimia.