Jina la Fenna kwenye Kalenda ya Chooni

Mke wangu Wietske huendesha lori la maziwa, shamba hadi shamba, na hapa kijijini husemwa kwamba hana kinyongo na ng'ombe wala mtu. Mimi Roelien, niliyeishi naye miaka kumi na saba hapahapa Friesland, nasema kinyongo anacho, tena cha kutosha wawili.

Fenna tuliletewa na ustawi wa jamii tumlee, akiwa na mwaka mmoja. Machi mwaka jana, akiwa na miaka saba, hakimu alitia sahihi, akawa mtoto wetu kisheria. Jumapili iliyofuata tulikwenda kwa mama mkwe, Hiltje, Wietske akiwa na kalamu mfukoni. Kwetu kila nyumba ina kalenda ya siku za kuzaliwa, na hutundikwa chooni, mbele ya macho ya aliyekaa. Aliyemo ni mtu wa ukoo. Asiyekuwemo ni mgeni aliyekuja kukojoa.

"Rudisha hiyo kalamu," mama mkwe alisema. "Kalenda yangu ni ya damu. Huyo ni mtoto wa makaratasi."

"Na Bobbe je?" Wietske aliuliza. Bobbe ni mbwa wa Douwe, kaka yake Wietske. Yumo, tarehe tisa Juni.

"Bobbe tumemlea tangu mdogo."

Fenna alitoka chooni wakati huohuo. "Bibi, mbona mbwa yumo na mimi simo?"

Bibi akamkatia keki. Nilitamani kumpaka ile keki usoni.

Wietske alirudisha kalamu mfukoni, tukarudi nyumbani. Ndipo akaniomba ninunue wino mweupe wa kufutia. Nilinunua chupa mbili.

Kiangazi chote tukawa watu wa kutembelea jamaa: kwa Douwe, kwa dada yake Sjoukje, kwa shangazi yao. Kila mahali Wietske alikunywa kahawa vikombe viwili, kisha akaomba choo. Kila mahali Oktoba ishirini na moja, siku ya kuzaliwa mama yake, ikabaki nyeupe. Msicheke. Kwetu tarehe haikai kichwani, na mwenye sikukuu hakumbushi watu. Ni aibu kubwa.

"Watamkumbuka tu," nilimwambia.

"Thubutu. Mimi mwenyewe humkumbuka nikiwa chooni."

Siku ilipofika, tulimwacha Fenna kwa jirani, tukaingia kwa mama mkwe saa kumi na moja jioni. Alikuwa amekaa peke yake kwenye duara la viti kumi na viwili alivyowapangia wageni, kavaa mkufu wake wa dhahabu, keki mbili hazijaguswa. Alianza kungoja saa nane. Nakiri nilifurahi mpaka nikaona haya, kisha nikafurahi tena.

"Hongera kwa kutimiza sabini na tatu, mama," Wietske alisema.

"Hakuna aliyekuja. Hata Douwe."

"Hawajui kama ni leo. Nimekufuta kwao wote."

"Umenifuta? Mimi niliyekuzaa?"

"Umengoja saa tatu tu, mama, tena una keki. Mwanangu anangoja tangu Machi."

Mama mkwe aliviangalia viti vitupu. Kisha akainuka, akachukua kalamu mezani, akaingia chooni. "Haya, nimemwandika," alisema akitoka. "Sasa wapigie simu waje."

Wietske alikwenda kuhakikisha, nami nyuma yake. Jina la Fenna lilikuwepo: Februari kumi na sita, na mwaka wenyewe, sawasawa. Hatukuwa tumemtajia. Hakuwahi kutuuliza, wala kumpongeza Fenna hata Februari moja.

"Tarehe umeijuaje?"

"Niliiona kwenye karatasi zenu tangu mlipomleta." Alisema kwa majivuno kidogo. "Mimi si bibi yake?"

Angekosea, mke wangu angemsamehe, namjua. Sijapata kumwona na hasira ile.

"Kwa hiyo Februari zote sita ulikuwa unajua," alisema, akavaa koti lake. Simu hakupiga.

Juzi nilimuuliza kama twende tukaandike upya jina la mama yake kwenye nyumba zile tatu. Oktoba inakaribia.

"Wino mweupe umeshakauka," alisema, akaenda kuwasha lori.