Fundi wa Ndege za Albertville

Hapa Iroquois, mutaa wa Louisville kwa Wamarekani, tuko na jirani, fundi wa magari, mzee wa Cuba. Louisville yote hakuna mwenye anaweza kumuchekesha isipokuwa miye, na hapo pia ni kidogo. Mikono yake ni nyeusi ya mafuta mupaka kwa kiwiko. Kila buloni, ile bolti ya kukaza gurudumu, anainusa mbele ya kuifunga. Namwambiaka, "Fundi, hiyo si samaki." Anaguna tu, anaendelea.

Bon, juzi miye na baba mukubwa tulimupelekea gari ya baba mukubwa, breki zilikuwa zimekufa. Fundi kusikia tunatoka Fizi, upande wa Albertville, mikono ikasimama. Akatuambia kwa Kingereza alikuwa Albertville, ule muji wa kwetu kwa ziwa, mwaka wa sitini na tano. Wamarekani walimulipa, yeye mwenye alikimbia wakomunisti wa Cuba, atengeneze ndege za kupiga Simba, wale waasi wenye walisaidiwa na wakomunisti. Nikamutafsiria baba mukubwa nikicheka. Yeye hakucheka. Ndege za ule mwaka ziliua mama yake kwa mto, akifua nguo.

"Mwanangu, muulize kama alijua chini kulikuwa nani," baba mukubwa akaniambia.

Nikauliza. Fundi aliangalia mikono yake.

"Walituambia ni wakomunisti."

"Mama hakujuaka hata hilo neno," baba mukubwa akasema.

Miye na huu mudomo wangu wote, hilo nikalitafsiri bila mzaha. Fundi akaweka ufunguo wa buloni chini, akasukuma kwetu magurudumu yenye alikuwa ametoa, kama mwenye amefukuzwa kazi.

"Mwambie amalize," baba mukubwa akasema. "Na afunge muzuri. Kesho napakia wajukuu."

Fundi akarudi chini ya gari. Baba mukubwa akapiga magoti kwa simenti, akamushikia tochi.