Wimbo wa Ngiro

Jirani yangu Lemayian ana maksai wa kijivu anayemwita Ngiro. Siku ya kumtoa damu, vijana humfunga kamba shingoni, mshale mfupi unatoboa mshipa, damu ya kunywa inakingwa kwenye kibuyu. Lemayian hashiki mshale. Kazi yake ni kusimama kichwani mwa Ngiro, kumpapasa nyuma ya sikio na kumwimbia mpaka atulie. Sisi Wazigua wa Misima tukipita tunaangalia pembeni, naye hutucheka sana.

Kwa hiyo iliposikika kwamba mtu huyo amezimia Handeni kwa sababu ya sindano ya kuchangia damu, tulicheka mpaka basi. Mimi Tatu nilicheka kuliko wote.

Mkewe, Naisiae, hakuwa na la kuchekea. Alikuwa na uvimbe tumboni, damu imempungua, na upasuaji wa Korogwe ulisubiri apatikane wa kumchangia damu. Kaka zake walikuwa mbali na mifugo, simu hazipatikani. Alibaki mume.

Niliwasindikiza Korogwe, mume akajaribu tena. Katika chumba cha damu, nesi Hajira alimwuliza Lemayian mara ya kwanza ilikuwaje.

"Nilikaa kama mwanaume. Sikupepesa macho. Nikaitazama damu tu."

"Ulikunywa maji kabla?"

"Hapana."

"Na kupumua ulipumua?"

Akafikiri. "Kidogo."

Hapo nikaelewa. Kwao, siku ya kutahiriwa kijana hatakiwi kutikisa hata ukope, la sivyo aibu ni ya ukoo mzima. Maskini, alikwenda Handeni kutahiriwa upya!

Hajira hakucheka. "Baba, kuzimia siyo woga. Mwili ukishtuka, moyo unapunguza mwendo, mishipa inalegea, damu inashuka miguuni na kichwa kinakosa. Nawe ulikuwa na kiu, tena umebana pumzi. Leo kunywa maji, lala, kaza mapaja kisha legeza, usiangalie mfuko. Na uongee."

Alikunywa, akalala. Lakini sindano ilipoingia tu, taya likabana, jasho likamtoka juu ya mdomo, macho yakaganda darini. Kuongea hakuna. Nilimwita, hakuitika. Hajira akasema hali ikizidi atachomoa. Nikaingiwa na hofu kweli, maana mfuko ulikuwa haujafika hata nusu, na Naisiae angerudishwa Misima na uvimbe wake.

Naisiae alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, amejitanda shuka. Akainuka taratibu, akishika ukuta, akaja kusimama kichwani mwa kitanda. Akampapasa mumewe nyuma ya sikio. Kisha akaanza kuimba, kwa sauti ndogo ya mgonjwa, wimbo uleule wa Ngiro.

Lemayian akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Mimi siyo ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe ana adabu kuliko wewe. Kaza miguu."

Lemayian akacheka, Naisiae akaendelea kuimba. Chini ya shuka lake nikaona mapaja yakikaza na kulegea, yakikaza na kulegea, na jasho likaanza kukauka. Nililia, mimi ambaye hata sindano sikuchomwa.

Mfuko ulijaa. Hajira akachomoa sindano, akabandika pamba, akasema, "Tayari, baba. Imekwisha."

Lemayian hakufumbua macho.

"Mwambie asiache kuimba kwanza," akasema.