Kata Aliyojifunza Mwikali Vitabuni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Mwikali alipovua viatu mbele ya wanaume waliokuwa wakimcheka. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimeona watu wakipigiwa makofi kwa mambo makubwa, lakini ujasiri kama ule sijauona tena. Kaa nikusimulie. Hatuna haraka, na mwenda pole hajikwai.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mimi na Mwikali tulikuwa walimu vijana katika shule ya msingi huku Mbooni, juu ya soko la Kikima, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hukaa bondeni hadi watoto wamalize somo la kwanza. Yeye alifundisha darasa la tano, mimi la tatu. Alikuwa binti wa Mzee Kasyoka, mzee wa kanisa aliyeogopwa kidogo na kuheshimiwa sana. Mtu akitaka kukohoa wakati wa mahubiri, alimtazama Mzee Kasyoka kwanza.

Sasa, mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa akijitolea katika sekondari ya jirani alirudi kwao, akaacha sanduku la vitabu. Watu walichukua vya hesabu na vya kilimo. Vikabaki viwili ambavyo hakuna aliyevitaka: vya karate. Mwikali akaviomba.

Kimoja kilikuwa kizima, kikieleza namna ya kusimama, kupiga ngumi na kujikinga. Cha pili ndicho kilichokuwa na kata. Kata, mwanangu, ni mfuatano wa hatua, ngumi na mateke unaoufanya peke yako, kana kwamba maadui wamekuzunguka, na mpangilio wake haubadilishwi hata kidogo. Jinsi walivyofanya wa kale ndivyo utakavyofanya wewe. Bahati mbaya mchwa walikuwa wamekifikia kitabu hicho kabla yetu. Mchwa wa Ukambani hawajui kusoma, lakini vitabu wanavipenda. Walikuwa wamekula maandishi yote, wakatuachia picha.

Mwikali hakukata tamaa. Alizibandika kurasa zilizobaki kwa uji wa unga wa ngano, akaanza. Asubuhi kabla ya kengele tulikuwa uwanjani, mimi nimemshikia kitabu, yeye anaiga picha moja baada ya nyingine. Mimi nami nilijifunza, lakini nilikuwa mtu wa kujaribu jaribu. Yeye angeweza kurudia hatua moja hadi nyasi za pale aliposimama zikalala. Siku moja nilimuuliza anapata nini katika kazi ile.

Akanijibu, "Nikiimba kanisani, nafikiria watu wananisikiaje. Nikifundisha, nafikiria watoto. Hapa simfikirii mtu. Nafikiria mguu wangu uko wapi."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Nilikuwa nimezoea kuona watu wakijifunza kitu ili waonekane. Yeye alijifunza kwa sababu alikipenda.

Lakini kijiji kina macho. Haukupita muda, habari zikaenea kwamba binti wa mzee wa kanisa anainamia miungu ya Wajapani uwanjani, maana kila kata huanza na kuisha kwa kuinamisha kichwa. Jioni moja Mzee Kasyoka alifika uwanjani, fimbo mkononi, akasimama akatazama hadi mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ile ambayo huogopesha kuliko kelele:

"Unamwinamia nani, Mwikali?"

"Simwabudu mtu, Baba. Ni salamu."

"Unasalimia hewa?"

Mwikali akatabasamu kidogo. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Baba."

Nilidhani mzee atamchapa kwa fimbo, ingawa alikuwa mtu mzima na mwalimu. Hakufanya hivyo. Alivichukua vile vitabu, akafunua kurasa taratibu, akasema, "Mimi sijui kitu hiki, na asiyejua hahukumu. Lakini hata wewe hujui, kwa sababu karatasi haiwezi kukuambia umekosea. Nimesikia kule Kitui kuna Mjapani mzee anayechimba visima, na jioni hufanya mambo kama haya. Tutamwendea. Nitamuuliza kwa kinywa changu. Akisema ni dini, au akisema unafanya upuuzi, utaviacha vitabu hivi na hatutazungumza tena."

Mwikali alikubali. 

Tulisafiri watatu, siku ya Jumamosi, tukashuka milima hadi Machakos, tukapanda basi lingine la Kitui, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kambi ya wachimba visima ilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye miiba mingi, mabomba yamelazwa kila mahali. Huyo Mjapani wafanyakazi walimwita Mzee Kimya. Alikuwa mfupi, mwenye mvi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota kazini, lakini kilitosha.

Mzee Kasyoka hakuzunguka. "Mzee mwenzangu, nimekuja na swali. Hii karate ni dini?"

Mzee Kimya akafikiri. "Hapana dini. Adabu."

"Adabu kwa nani?"

"Kwa mtu iko mbele. Kama hakuna mtu, kwa kazi."

Mzee Kasyoka akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayeonja mchuzi na kukuta chumvi imekolea. Akasogea pembeni. "Basi mtazame binti yangu."

Mwikali akasimama kwenye uwanja mdogo uliofagiliwa. Alivaa raba kwa sababu ya miiba. Wachimbaji waliacha chai yao, wakaja kutazama mwanamke anayepigana na upepo. Alifanya kata yake yote, mwanangu, na machoni pangu ilikuwa nzuri mno. Alipomaliza na kuinama, Mzee Kimya alimsogelea. Kisha akauliza:

"Nani fundisha wewe?"

"Vitabu," Mwikali akajibu, akamletea kile kilicholiwa na mchwa.

Yule mzee alikipokea kwa mikono miwili. Akatazama kurasa zilizobandikwa, akagusa kingo zake kwa kidole. Halafu akakigeuza, akaiweka picha kifuani pake ili mtu wa pichani atutazame sisi, akanyoosha mkono wake wa kushoto.

"Yeye kushoto. Wewe kulia. Yote, mwanzo mpaka mwisho, wewe fanya kama kwa kioo. Upande si yake."

Wafanyakazi walipasuka kwa kicheko. Mmoja akasema kwa Kikamba kwamba huyu mwalimu angepigana na adui aliyekwisha ondoka. Lakini Mzee Kimya hakuwa amemaliza.

"Tena, wewe fanya picha, simama. Picha, simama. Katikati ya picha na picha hakuna kitu? Hapo katikati ndiyo kata."

Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Misimu mizima ya mvua, asubuhi zote zile za baridi, na kumbe kila hatua ilikuwa upande usiofaa! Nilimtazama Mzee Kasyoka, nikajua neno moja tu kutoka kwake lingemaliza safari. Nilimtazama Mwikali, nikitarajia machozi.

Mwikali aliinama, akafungua kamba za raba zake, akazivua, akaziweka kando zikiwa zimepangwa vizuri. Kicheko kikaongezeka. Akasimama peku kwenye udongo wa moto, kama yule mtu wa pichani, akamwambia Mzee Kimya:

"Mwalimu, naomba unionyeshe hatua ya kwanza."

Kicheko kilikatika. Huwezi kumcheka mtu ambaye hajakataa kwamba amekosea. Hakuna pa kushika.

Mzee Kasyoka akamwita. "Mwikali, amesema nini?"

"Amesema nimekosea, Baba."

"Amesema ni upuuzi?"

"Hapana, Baba."

"Hata mimi neno hilo sikulisikia." Akaketi juu ya bomba, akaweka kofia yake kwenye goti, na pale akakaa hadi jua likaanza kulegea, akimtazama binti yake akifundishwa kuinua mguu kama mtoto anayeanza kutembea.

Likizo ya Agosti, Mwikali alikaa kwa shangazi yake mjini Kitui, na kila jioni alitembea hadi kambini. Aliniambia baadaye kwamba kujifunza upya ni kugumu kuliko kujifunza. Mwili ni kama punda wa kubeba maji: ukishauzoesha njia, utakupeleka huko hata ukivuta kamba. Alifika mahali akataka kulisahau kabisa lile kosa lake, lakini Mzee Kimya alimkataza. "Usitupe," alimwambia. "Mtu iko na pande mbili. Wengi wanajua moja tu. Wewe umeteseka, umepata mbili."

Alirudi Mbooni, na nilipomwona uwanjani sikuamini ni kata ile ile. Zamani ilikuwa kama mtu anayeruka mawe mtoni. Sasa ilikuwa maji yenyewe. Akaanza kuwafundisha wasichana wa shule, na aliwafundisha miaka mingi, hata alipokuwa mwalimu mkuu. Vile vitabu viwili vilikaa mezani, na kila msichana aliruhusiwa kuvisoma, kwa sharti kwamba baada ya kusoma amwonyeshe mtu. Na Mzee Kasyoka? Alikuwa akipita na ng'ombe wake, anasimama kwenye ua wa shule, na msichana akikosea upande utasikia sauti ya mzee wa kanisa, "Kushoto, mama! Kushoto!"

Mwanangu, kitabu kipende. Mtu asiye na mwalimu, kitabu humtoa gizani, na Mwikali asingefika kwa Mzee Kimya kama hangeanza na kurasa zile. Lakini usiishie hapo, wala kwenye kanda za video mnazotazama kule mjini Wote. Peleka unachokijua kwa anayejua zaidi, umwonyeshe, na umwache akuambie ukweli. Akikuambia umekosea, usitafute maneno ya kujitetea. Kukosea si aibu; aibu ni kulipenda kosa kwa sababu umelitolea jasho. Omba uonyeshwe hatua ya kwanza, hata kama wapo wanaocheka. Na ukiwa mzazi, uwe kama Mzee Kasyoka: uliza kabla ya kukataza, kisha keti utazame.

Nenda sasa. Mungu akupe walimu wakweli na masikio ya kuwasikia, akupe magoti yasiyochoka, na mvua za Novemba zikukute umekwisha panda.