Pua ya Hirbo Denge

Mimi nauza nyasi kavu hapa Wabera, mtaa wa Isiolo, kwenye kibanda cha mabati karibu na msikiti. Mvua ikinyesha hakuna anayenijua. Mvua ikigoma nakuwa mama wa kila mtu, hata wale ambao juzi walipita wakiangalia simu ili wasinisalimie. Kwa hiyo nikikupa habari za Mzee Hirbo Denge, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, usidhani namsengenya. Kusengenya kuna watu wake, na mtaa huu umejaa hao.

Hirbo ni dalali wa ng'ombe. Amesimama pale soko la mifugo tangu mimi nikiwa msichana, na anaweza kukutajia umri wa fahali kwa kumtazama tu akitembea. Mali anayo, heshima anayo, lakini kulikuwa na jambo moja lililomla moyo. Baba yake, marehemu Denge, alikuwa mwenyekiti wa malisho ya Gotu, yule mzee anayeamua nyasi za akiba zifunguliwe lini wakati wa kiangazi. Hirbo alikitamani kiti hicho hadi alikuwa akikitaja hata akiagiza chai.

Mwaka huu kiti kilikuwa wazi. Mwenyekiti wa mwisho aliondolewa baada ya watu kushangaa kwa nini ng'ombe wake wananenepa huku wengine wote wanahesabu mbavu za ng'ombe wao. Kumbe alikuwa akiwaingiza kwenye akiba usiku. Aliyemtangulia alifanya vivyo hivyo. Na wote wawili waliapa, mmoja kwa Kurani, mwingine kwa Biblia, kwa hiyo huwezi kusema dini moja imeshinda nyingine.

Desturi ya malisho yale ni hii. Mwenyekiti mteule anapelekwa hadi ukingo wa akiba, mbele ya watu wote, Waborana na sisi Waturkana. Anang'oa nyasi, anazifikicha mkononi, anazinusa, kisha anatamka. Akisema ziko tayari, mifugo inaingia. Akisema bado, malisho yanabaki yamefungwa hadi mwezi mwingine uandame. Neno lake halirudiwi.

Wazee walishamteua Hirbo. Kilichobaki ni kunusa tu.

Sasa sikia mkosi. Binti yake wa mwisho, Sadiya, alipata kazi Doha. Kabla ya kupanda ndege akaja nyumbani na kizimba cha ghorofa tatu, na ndani yake kuna kitu kama panya aliyevaa koti la manyoya. Akasema ni chinchila, ametoka milima ya mbali, hawezi joto, na haogi maji. Anaoga vumbi. Tuliposikia hivyo tukasema huyo ni mwenyeji wa Isiolo kabisa, apewe kitambulisho.

"Huyu ni panya," Hirbo alisema.

"Huyu ni mnyama wa mtu," akajibu mkewe, Mama Qabale. "Amekabidhiwa kwetu. Ni dabare."

Neno hilo likafunga mjadala. Dabare ni mnyama ambaye ndugu anakuachia umtunze. Maziwa ni yako, lakini mnyama si wako. Humuuzi, humgawi, na akifa lazima upeleke ngozi kwa mwenyewe na ueleze amekufaje. Sadiya akacheka, akasema huko ng'ambo kuna watu wanafuga chinchila kwa ajili ya hiyo ngozi, wanawashonea matajiri makoti. Mama Qabale hakucheka. Alihamisha feni kutoka chumba cha mumewe siku hiyohiyo.

Basi chinchila akapewa feni, akapewa na kipande cha marumaru kilichopozwa kwenye friji akilalie. Hirbo akapewa dirisha. Yote hayo aliyavumilia. Kilichomshinda ni chakula. Chinchila anatafuna nyasi kavu kutwa kucha, kwa sababu meno yake hayaachi kukua, na asipotafuna yanarefuka hadi yanamzuia kula. Mama Qabale akanunua robota zima kwangu, nyasi ya Boma Rhodes kutoka mashamba ya Timau, akalifungulia sebuleni.

Nilimsikia Hirbo akipiga chafya nikiwa ng'ambo ya barabara. Kesho yake macho yalikuwa yamevimba kama amepigwa na nyuki. Mtaa wetu una madaktari wengi kuliko wagonjwa, kwa hiyo dawa zilikuja bila kuitwa. Mmoja alileta mkojo wa ngamia. Mwingine alisema panya ana jini, Mama Qabale akafukiza ubani, na moshi ukamkamata mzee vibaya zaidi. Wengi walishauri panya atupwe. Ukimuuliza mtu atupweje dabare, anaaga.

Ikafika siku moja, jua la utosi, saa ile barabara nzima imelala. Namuona Hirbo anaingia kibandani kwangu amejifunika shuka hadi machoni.

"Nakolong, habari," alisema, na kabla sijajibu akapiga chafya kwenye mizani yangu.

"Mzee, si uende ukapumzike."

"Keti nikuambie kitu. Na ukikirudia nitakataa." Akaangalia nje kwanza. "Si panya. Ni nyasi. Tangu nikiwa mtoto."

Nilidhani anatania. Akaniambia kwamba alipokuwa mdogo alipelekwa fora, kambi ya mbali ya kuchungia ng'ombe, akarudishwa amebebwa, kifua kinapiga filimbi. Wakajaribu tena, akarudishwa tena. Baba yake akasema ng'ombe wamemkataa mtoto huyu, apelekwe mjini. Ndiyo maana akawa dalali. Ndiyo maana pale sokoni husimama upande ule upepo unakotoka, na watu wakadhani ni maringo.

"Baba alikufa akiamini ng'ombe walinikataa," alisema. "Nataka nisimame pale aliposimama. Mara moja tu."

Nilimwonea huruma, na mimi si mtu wa kuwaonea huruma madalali. Nikampeleka kwa Mwongera wa duka la dawa. Mwongera alimsikiliza, akasema hiyo ni aleji, haina jini wala laana. Akampa vidonge vya njano, akasema pia vumbi la nyasi ndilo adui mkubwa, tubadilishe nyasi.

Tukaanza kuchagua nyasi kama watu wanaochagua mchumba. Robota la Boma likatolewa nje, maana lilikuwa limekaa stoo hadi likafanya ukungu. Tukajaribu lusini, majani ya mifugo ya jamii ya kunde. Hirbo hakupiga chafya hata moja, tukafurahi, hadi Sadiya akatuma sauti kutoka Doha akifoka kwamba lusini ni kali mno kwa chinchila aliyekomaa, tunataka kumuua? Mwisho nikaleta nyasi ya kukatwa kwa mundu kutoka kando ya mto kule Gotu, ndefu, ya kijani, iliyokatwa kabla haijatoa maua na kukaushwa kivulini. Mama Qabale aliikung'uta nje, akaitia kwenye mfuko wa wavu ili isisambae. Mzee alikaa mlangoni, akangoja. Akapiga chafya moja ndogo ya heshima, basi. Chinchila naye akashika unyasi kwa mikono miwili, akaula kama mtu anayesoma gazeti.

Nyumba ikatulia. Lakini mimi nilijua jambo, nikamwambia. "Mzee, zile za akiba zimeshatoa maua. Zimekauka zikiwa zimesimama. Vumbi tupu."

"Nitameza vidonge viwili."

Vidonge vyenyewe vilikuwa vinamlaza. Kwenye mikutano ya wazee alikuwa anasinzia kidevu kikiwa kifuani, na watu wakanong'onezana kwamba huyu ndiye mzee anayesikiliza kwa makini.

Siku ikafika. Nilikwenda Gotu kwa sababu ndugu yangu Ekuam alikuwa ameshuka na mbuzi wake kutoka Kipsing, na mbuzi walikuwa wamebaki ngozi na macho. Watu walijaa. Mama Qabale alisimama mbele amevaa vizuri. Hirbo akapiga hatua hadi ukingoni, akang'oa nyasi, akazifikicha, akainua mkono hadi puani, akavuta.

Nikaona midomo yake inafunguka aseme ziko tayari.

Ikaja chafya. Ikaja nyingine juu yake, na nyingine, kilemba kikaanguka, mzee akajikunja akishika magoti, machozi yanatiririka.

Mzee Huqa, aliyekuwa ameshika fimbo ya marehemu Denge tayari kumkabidhi, akainua mkono. "Mmeona? Nyasi zina ubaya. Mwili wake umekataa."

"Hata baba yake hakuwa na pua kama hii," mwingine akasema.

Ikawa sifa tupu. Simu zikatolewa, wakamrekodi. Wakasema malisho yafungwe, na mtu mwenye kipaji cha namna hii awe mwenyekiti hadi afe. Ekuam alikaa chini mavumbini katikati ya mbuzi wake. Na mimi, nikiwa mkweli, nilijua malisho yakifungwa kibanda changu kitauza hadi mabua ya kuezekea.

Hirbo alikuwa amejipangusa. Akaitazama fimbo. Akamtazama Ekuam. Kiti kilikuwa chake tayari, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

"Nyasi ni nzuri," alisema.

Huqa akamwambia apumzike kwanza.

"Sikiliza. Nyasi ni nzuri, mbovu ni pua yangu. Nina aleji. Hata ile ya panya wa Sadiya nimechaguliwa na Nakolong kama mtoto anayechaguliwa uji. Ndiyo maana nilitolewa fora. Ingizeni mifugo, halafu mtafute mtu mwingine."

Mtu mmoja akacheka, na wengine wakamfuata, kile kicheko kibaya cha watu wengi. Mama Qabale akainamisha kichwa. Hirbo akaokota kilemba chake, akaanza kukikung'uta vumbi.

Mzee Ewesit wa upande wetu, ambaye husema mara moja kwa mkutano, akagonga fimbo chini hadi wakanyamaza.

"Wenyeviti wawili tuliwapa kiti hiki wakiwa na pua nzima," alisema. "Wote waliingiza ng'ombe wao hapa usiku, na hatukusikia hata kwato. Huyu akithubutu kuingia, tutamsikia tukiwa vitandani. Mpeni kiti."

Huqa akamkabidhi fimbo ya baba yake. Wakaleta kigoda, wakakiweka upande ule upepo unakotoka, mbali kidogo na nyasi, na mbuzi wa Ekuam wakaingia wa kwanza. Hirbo akakaa na fimbo magotini, machozi yakimtoka. Akasema ni nyasi, na hakuna aliyembishia.