Gari Linalofuata Mwezi

Naanza na kosa langu mwenyewe, kabla watu hawajanisimulia vibaya.

Mwaloni Mugango, ufukwe wa wavuvi ninakotengeneza taa za dagaa, kila mtu anaishi kwa mwezi. Wakati wa giza mitumbwi inaingia ziwani, taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanazifuata, wavuvi wanazoa. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawana haja tena na taa zetu, basi mitumbwi inalala nchi kavu siku kama kumi hivi. Watu wanashona nyavu na kugombana na wake zao. Harusi, kikao cha familia, kuezeka nyumba, vyote tunavipangaga mbalamwezi. Kwa hiyo kamati ya mashindano ilipotuambia kwamba gari letu litapimwa "katikati ya mwezi", mimi nilielewa mwezi wa juu. Katikati ya mwezi ni pale unapokuwa mpevu, hata mtoto wa huku anajua. Kumbe wao walikuwa wanasoma kalenda ya ukutani.

Mimi ni fundi. Nalisema kwa mdomo kwa sababu karatasi ya kulisema sikuwa nayo. Zamani ziwani walikuwa wanatumia karabai, baadaye zikaja taa za betri zinazochajiwa kwa jua, na zilipoanza kufa hakuna aliyejua kuzifufua. Ya kwanza niliifungua kwa kisu cha kuparia samaki. Ya pili niliiunguza. Ya tatu ikawaka, na tangu siku hiyo kibanda changu hakijakosa wateja. Mwanamke hapandi mtumbwi wa dagaa, wanasema analeta mkosi. Sawa. Lakini taa zilizopita mikononi mwangu zimezunguka ziwa lote hadi Bukima, na mkosi huo sijausikia ukitajwa wakati wa kuhesabu ndoo za dagaa.

Habari ya gari aliniletea fundi mmoja wa mikokoteni wa Bunda. Alikuja na mashine yake ya kuchomelea imeungua, nikamtengenezea, tukaanza kubishana, na ubishi wetu haujaisha hadi leo. Ni mtu wa swala tano, mpole, ila akishika chuma anakuwa mwingine. Akaniambia kuna kamati ya wahandisi imefungua ofisi Musoma, inataka mafundi wa mkoani wabuni gari la mfano la mashindano, linalotumia umeme mtupu. Gari litakalopanda barabara ya Butiama bila kusimama, fundi wake anapewa cheti.

"Cheti cha nini?" nikauliza.

"Cha ufundi, dada. Chenye muhuri."

Hapo mengine yote hayakuniingia sikioni. Nilikitaka hicho cheti. Nilikitaka vibaya sana. Miaka yote hiyo kila nilipoomba kazi ya maana, hata ya kufunga taa za zahanati, niliulizwa karatasi, nikarudi mwaloni.

Chasisi ya kwanza fundi wa Bunda aliichomelea kwa mazoea ya mikokoteni, nzito ajabu, ungeweza kupakia pamba ya kijiji kizima. Nilimwambia hatusafirishi pamba. Akanuna siku mbili, akarudi na nyingine ya mabomba membamba, nayo ikapinda siku ya kwanza. Ya tatu ndiyo iliyokaa. Mota tuliitoa kwenye bajaji ya umeme iliyopata ajali Musoma, magurudumu ni ya pikipiki, bodi ni turubai tuliyoivuta juu ya fito za chuma na kuipaka rangi ya mitumbwi. Mnyororo uliruka mara nyingi mpaka nikajua sauti yake kabla haujaruka. Mikono yangu bado ina alama.

Betri ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye aliyenilea, na ana mitumbwi na taa. Nilihitaji betri ishirini na nne. Akakubali kunipa za kwake kila mbalamwezi, wakati zimelala bure.

"Zirudi kabla ya giza," alisema, "na zirudi zina nguvu."

Tulilijaribu barabara ya Bukima mchana kweupe. Loo! Lilivyochomoka! Nilijikuta nacheka peke yangu ndani ya kofia ya pikipiki. Ila watu hawakufurahi nusu yangu, kwa sababu halikuwa na kelele. Wakasema gari la mashindano lisilonguruma ni kitanda chenye magurudumu. Mmoja akashauri tufunge spika, turekodi mlio wa lori. Nilimwambia akafunge spika mdomoni kwake, maana hapo tayari pana kelele.

Kamati ilipokuja kukagua, mwenyekiti wao alizunguka gari, akainama, akaona betri zina alama za mitumbwi. "Hizi za kuazima?" Nikasema ndiyo. Akatabasamu. "Mama, nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Na kiti ulichokalia ulipofika tumekiazima kanisani," nikamjibu, "mbona kimekusitiri?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Akasema basi, tukutane Butiama katikati ya mwezi, na mimi nikaitikia kwa moyo wote.

Barua yenye tarehe ilipotoka, fundi wa Bunda alinipigia. "Dada, umeiangalia hii tarehe? Siku hiyo ni giza totoro." Nikaenda kwa mjomba, nikamkuta anakagua kamba za nyavu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama." Hakuinua macho. Habari ilikuwa imeshamfikia. "Usiniombe," akasema.

"Sijasema kitu."

"Ndiyo nasema usiniombe. Ukiniomba nitakupa. Nikikupa mchana, usiku hazitawaka, na wale wanaume wenye watoto watarudi na ndoo tupu kwa sababu mimi nakupenda wewe. Sitaki kuombwa."

Sikumwomba. Nilikaa naye tukakagua kamba mpaka zikaisha, kisha nikaenda nyumbani.

Kesho yake nilipiga simu Musoma. Nikawaeleza kila kitu, taratibu kabisa, na kwangu kusema taratibu si kitu rahisi. Nikaomba siku kumi tu. Mwenyekiti akasema, "Mama, teknolojia haiendi kwa mwezi." Nikasema hii yangu inaenda. Akasema nitafute betri nyingine. Nitafute wapi? Zingekuwa zinaokotwa ufukweni ningekuwa nimezijaza kibanda.

Siku ilipofika tulilipakia gari kwenye lori la pamba, tukaenda hivyo hivyo, halina hata betri moja. Fundi aliniuliza tunaenda kufanya nini. Nikamwambia tunaenda kuonekana, sikulitengeneza nilifiche. Tukalisukuma mpaka kwenye mstari. Wenzetu walikuwa na magari yao, mengine mazuri kweli, sikatai, na mawili yalipanda vizuri. Zamu yetu ikafika. Mwenyekiti akaja na karatasi zake.

"Liko tayari?"

"Gari liko tayari. Betri ziko kazini, zinarudi baada ya siku kumi. Njooni mtupime."

"Mashindano hayangoji mwezi, mama."

Fundi wangu akasema kwa upole wake ule, "Mheshimiwa, hata Idi inangoja mwezi." Kicheko kilichopigwa pale! Nadhani ndicho kilichotumaliza. Mwenyekiti aliandika palepale, akagonga muhuri, akanikabidhi karatasi bila kunitazama. Imeandikwa jina la chombo, jina la fundi, na chini yake, matokeo: gari halikufika.

Ndani ya lori nililia. Sikuwa na huzuni, nilikuwa na hasira, na hasira yangu hutokea machoni. Fundi alijaribu kunifariji kwamba kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Nikamwambia aninyamazie, koleo langu halijavunjika, nimenyimwa tu moto.

Siku kumi zikapita. Asubuhi ya kwanza ya mbalamwezi nilisikia mkokoteni unasimama nje ya kibanda. Mjomba alikuwa mbele, nyuma yake wavuvi wanne wenye macho mekundu ya usingizi, na juu ya mkokoteni betri zangu ishirini na nne, zimefutwa vumbi. Sikuwa nimemwomba.

"Twende huko Butiama," akasema. "Nataka kuiona hiyo barabara inayokataa watu."

Tulianzia upande wa Nyamuswa, kama kamati ilivyoanzia. Mjomba, wavuvi na fundi wangu, aliyetukuta hapo, walitangulia kwa lori kwenda kusubiri juu. Hakukuwa na mwenyekiti, hakukuwa na saa ya kupimia. Nikafunga mkanda, nikaondoka. Nusu ya kwanza ilikuwa rahisi. Kisha nikakuta ng'ombe wamejaa barabarani, na kwa kuwa gari halina kelele, hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Nikisimama nimekwisha, maana sharti lilikuwa bila kusimama, na hata kama hakuna aliyekuwa ananiangalia, mimi nilikuwa najiangalia. Nikapunguza mpaka mwendo wa mgonjwa. Nikapiga kelele kwa lugha ya nyumbani, matusi yote ambayo mama alinikataza. Mchungaji akaruka, ng'ombe wakapasuka kati, nikapita nikigusa mikia.

Mlima wa mwisho mota ilianza kunuka joto. Nilisema nayo. Niliisihi, nikaitishia, nikaiahidi grisi. Halikusimama. Nilipofika juu fundi alinishika mkono, nikatoka. Wavuvi wanapiga vigelegele kama wanawake. Mjomba alilizunguka gari mara moja, akaweka kiganja juu ya turubai.

"Limefika," akasema.

Wiki hiyo hiyo mjomba alinitumia mchoraji wake, yule anayeandika majina kwenye mitumbwi. Akauliza aandike nini kwenye pua ya gari. Wavuvi wakataka Mungu Mkubwa, fundi akataka Subira. Nikamwambia aandike kwa herufi kubwa: HALIKUFIKA. Na ile karatasi ya muhuri nimeibandika ukutani kibandani, juu ya meza ya kazi. Isome vizuri. Kabla ya matokeo imeniandika: Fundi, halafu jina langu lote, la kwangu na la baba. Waliandika wao wenyewe, kwa wino wao.

Juzi mwenyekiti alinipigia simu. Eti wanakuja wageni wakubwa, wamesikia kuna gari la betri za dagaa, wanataka kuliona likipanda. Akasema suala la cheti linaweza kuangaliwa upya. Akaniomba pia, kwa heshima, nifute lile jina.

"Jina halifutiki," nikamwambia. "Wageni waje lini?"

Akanitajia tarehe.

"Subiri kidogo, usikate," nikasema, "nitoke nje niangalie mwezi."

Nikaiweka simu mezani, nikatoka. Ilikuwa saa sita mchana.