Mpiga Pasi wa Kasenga na Paka wa Mama Mkwe

Ukifika Kasenga, kando ya ziwa, ukauliza nyumba ya mpiga pasi, hata mtoto mdogo atakuonyesha. Thaddée ni mtu wa kinyaa, na hilo si kumsema vibaya, maana kinyaa ndicho kilichomlisha. Miaka ishirini na mitatu anapiga pasi ya makaa: kanzu za wanakwaya, mashuka ya harusi, mashati ya walimu. Hajarudisha nguo yenye doa hata moja. Mtu akipenga kamasi barabarani, yeye hugeuza shingo. Nzi akitua kwenye sahani, sahani hiyo imekwisha, hata kama samaki hajaguswa.

Basi mtu kama huyo Mungu akampa paka.

Hakumwomba. Mama mkwe wake, Kaneza, alipohamia Bwegera kulima mpunga na mwanawe wa kiume, alimwacha paka wake kwa binti yake Aline, mke wa Thaddée. Na kitu alichokuachia mama mkwe hukikatai. Utakikataaje, wakati hata kumtazama machoni unaona haya? Unapokea kwa mikono miwili. Thaddée alipokea, akasema asante, kisha akaenda nyuma ya nyumba kutema mate.

Paka mwenyewe alikuwa mzee tangu siku hiyo, na ugonjwa wake haukuwa wa jana. Pua zilivuja masika na kiangazi, kamasi nene ya njano iliyokauka mdomoni kama ukoko. Jicho moja lilikuwa limegandamana kwa tongo. Kinywa kilinuka kama ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, waliosahauliwa siku tatu ndani ya mfuko. Akilala alikoroma, kroo, kroo, ukamsikia hadi uani. Na akipiga chafya, Thaddée aliinua mashuka yake juu ya kichwa kama mtu anayevuka mto. Mara nyingine alimtazama akawaza malori ya barabara kuu. Kisha alimkumbuka mama mkwe, akarudi kwenye pasi yake. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Ikafika Jumamosi ya wageni kutoka Sange. Walikuja kumposa Jolie, mzaliwa wa kwanza wa Thaddée, mwenye miaka ishirini na tisa. Posa mbili zilikwisha kufa mlangoni: ya kwanza kwa maneno ya majirani, ya pili pale vita vilipowatawanya watu na kijana asirudi tena. Hii ya tatu ikifa, watu wataanza kusema ile nyumba ina neno. Jolie mwenyewe tangu alfajiri alikuwa amefagia ua mara nne.

Asubuhi hiyo Thaddée alisikia sauti mpya. Paka hakuwa anakoroma. Alikuwa amejikunyata pembeni, viwiko vimetoka nje, shingo imenyooshwa mbele, kinywa wazi. Akivuta pumzi ilipiga mluzi mwembamba. Akiitoa, ilichemka ndani kwa ndani kama sombe, majani ya muhogo, chini ya kifuniko. Tumbo lilipanda na kushuka mbio mbio. Kitu fulani kilimwambia Thaddée kwamba huku si kukoroma. Lakini ute ulining'inia kidevuni mwa paka, mrefu kama uzi, na Thaddée hakutaka kujua zaidi. Alimsukuma kwa fagio mpaka kikapuni, akamwingiza katika chumba cha pasi, akafunga dirisha ili harufu isitoke, akashusha pazia la mlangoni. Pasi ilikuwa bado na makaa ndani. Hakuitoa.

Kaneza alifika na gari la kwanza kutoka Bwegera. Kabla ya kuketi akauliza, "Paka yangu iko wapi?"

"Imetoka, mama," Thaddée akajibu akitazama chini. "Nazani iko nawinda."

Wageni walikuwa watano. Msemaji wao alikuwa Ngendakumana, baba mdogo wa kijana, mtu wa tumbo kubwa na kicheko cha karibu. Kando yake aliketi Apollinarie, shangazi wa kijana, aliyesaidia katika kituo cha afya miaka thelathini, mwanamke wa maneno machache. Waliwekwa mahali pazuri, migongo kwenye pazia. Ngendakumana akasimama.

"Bazee, sisi tunatoka mu bonde ya mupunga. Tumesikia kama hapa kuna mbegu nzuri, mbegu haioze, haina ugonjwa..."

Nyuma ya pazia ikatoka: hiiii. Kisha gho-gho-gho-gho.

Ngendakumana akasita. Akakohoa kidogo kwa adabu, akaendelea. "Mbegu haina ugonjwa, inazaa..."

Hiiii. Gho-gho-gho.

Apollinarie aligeuza kichwa polepole. "Baba Jolie, kule nyuma kuna mugonjwa?"

"Hapana, tantine. Ni kwa jirani. Ukuta ni moja tu."

"Ukuta ile iko upande wa barabara. Minye nimepita pale sasa hivi."

Aline akatazama miguu yake. Jasho likamtoka Thaddée chini ya shati lililopigwa pasi vizuri kuliko mashati yote ya Kasenga. Angeweza kusema, ni paka. Lakini mama mkwe ameketi pale, naye amekwisha kuambiwa paka yuko mawindoni.

"Ni pumuzi ya muntu muzee," Apollinarie akasema, "na maji iko mu kifua. Kama si kifua kikuu. Banamuficha."

"Ahaa!" Ngendakumana akaketi. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Kwetu muntu hapite kwa mulango ya mugonjwa bila kumusalimia. Mutufungulie, tumuombee. Kisha tutaona kama posa inaendelea."

Kaneza naye akainuka, akajifunga kitenge upya kiunoni. "Thaddée! Ni nani unaficha mu nyumba ya mutoto yangu? Hata minye sina haki ya kujua?"

Jolie alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vinywaji, na vikombe vilianza kugongana. Thaddée aliisikia hiyo sauti ya vikombe zaidi kuliko ile ya pumzi. Akaenda, akainua pazia.

Moshi ulimpiga usoni. Paka alikuwa nje ya kikapu, amelala kifudifudi sakafuni, ulimi nje, ulimi wenyewe umegeuka rangi ya zambarau. Fagio lilikuwa mbali. Thaddée alifumba macho, akamchota kwa mikono miwili mitupu. Kamasi ya uvuguvugu ikampita kati ya vidole. Kitu kingine, hakutaka kujua ni nini, kikamtelemkia kwenye kiganja mpaka ndani ya mkono wa shati. Alihisi chai ya asubuhi ikirudi hadi kooni. Akatoka naye hivyo, mikono mbele, kama mtu aliyebeba chungu cha moto.

"Yesu wangu!" Mmoja wa wageni akaruka na kiti chake.

"Ile si paka yangu?" Kaneza akasema. "Ulisema iko nawinda. Inawinda makala ya pasi?"

"Mumupatie mafuta ya mawese," Ngendakumana akashauri kutoka mbali. "Kama alikula kasumu, itatoka."

"Ile ni dawa ya ng'ombe," Apollinarie akamkata. "Anatafuta pumuzi, unamumwangia mafuta? Itaingia mu mapafu. Baba Jolie, kuja naye inje. Usimubinue mugongo. Umuweke kwa tumbo, hewa ya ziwa imupige."

Wakatoka wote uani. Apollinarie akavuta kitambaa cha meza, cheupe, kilichonyooka, akakichovya kwenye maji ya moto ya chai na kuanza kulainisha ukoko wa puani. Vipande vikatoka. Thaddée alitazama kile kitambaa, akatazama mbingu. Baada ya muda mrefu ule mluzi ukapungua. Ikabaki kroo, kroo, ya siku zote.

Hapo Ngendakumana akacheka, akacheka mpaka akashika tumbo. Lakini Apollinarie hakucheka. Alikunja kile kitambaa.

"Basi ni paka. Sawa. Lakini nyumba inadanganya juu ya paka, juu ya binti itatuambia kweli?"

Kicheko cha Ngendakumana kikafa. Jolie aliweka sinia chini.

Thaddée alisimama katikati ya ua, mikono imetengana na mwili, akinuka. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yake yote alimtazama mama mkwe wake machoni.

"Minye ile paka inanichukiza," akasema. "Mama, unisamehe. Miaka tatu inanichukiza. Kamasi yake, mudomo yake, vile inapumua, siwezi kula kama iko karibu. Leo asubuhi niliona iko nateseka. Niliona vizuri. Nikaifunga mu moshi juu nilikuwa na kinyaa ya kuiangalia. Nikakudanganya weye, nikadanganya bageni. Jolie hakujua. Yeye ndiye anaipanguzaka pua kila siku. Binti haiko kama baba yake."

Aline alifunika mdomo kwa mkono, maana maneno hayo mtu hamwambii mama mkwe, hata akiwa amelewa.

Apollinarie alimgeukia Jolie. "Ni weye unamupanguza?"

"Ndiyo, tantine. Na maji ya chumvi kidogo."

"Ya vuguvugu?"

"Ya vuguvugu."

Apollinarie alimtazama msichana kuanzia miguu hadi kichwa, kisha akamwambia Ngendakumana, "Ongea. Mbegu ulifikia wapi?"

Posa ikapita. Wakala wali na samaki, wote isipokuwa Thaddée, aliyekuwa nyuma ya nyumba akisugua mikono kwa majivu mara ya tano.

Kaneza alingoja mpaka wageni walipoaga. Ndipo akasema, kwa upole kabisa, "Baba Jolie, sina kasirani. Lakini Bwegera sirudi. Nitakaa hapa mupaka paka yangu ife vizuri. Chumba ya pasi inanitosha. Weye utapiga pasi inje."

Akakaa. Apollinarie alikuwa ameacha agizo: paka akilala, zihesabiwe pumzi zake dakika moja nzima, zikipita arobaini, atafutwe mganga wa mifugo upesi. Kaneza haoni vizuri mishale ya saa. Aline yuko sokoni, Jolie ana maandalizi yake. Kwa hiyo kila alasiri Thaddée huacha pasi, huchuchumaa mbele ya yule paka, saa mkononi, pua ameibana kwa vidole viwili, na kuhesabu lile tumbo lililonyauka likipanda na kushuka.

"Umefika ngapi?" mama mkwe huuliza kutoka ndani.

"Makumi mbili na tisa, mama."

Paka akapiga chafya. Thaddée akajifuta shavu, akatema mate pembeni, akaanza tena: moja.